Nani Anayetafuta: Mchezaji au Gemu?

Gemu ya kwanza ya The Legend of Zelda, iliyotolewa na Nintendo nchini Japani mwaka 1986, inaanza bila hata salamu. Kijana aliyevaa kijani amesimama kwenye uwazi mdogo uliozungukwa na miamba. Kuna njia ya kushoto, ya kulia na ya juu. Pembeni kuna tundu jeusi, mlango wa pango. Hakuna mshale wala sauti ya kukuambia upite wapi. Ukiingia pangoni unamkuta mzee anakupa upanga wa mbao. Usipoingia, shauri yako: gemu inakuacha uende zako mikono mitupu, na adui wa kwanza utakayekutana naye hana habari kwamba hujajiandaa.

Chukua sasa gemu yoyote kubwa ya dunia wazi ya miaka ya karibuni. Dakika chache tu na ramani imeshajaa alama: hapa kuna sanduku, pale kambi ya maadui, kule mtu mwenye kazi ya kukupa. Juu ya skrini kuna dira, na ndani ya dira kuna kidoti kinachokutajia mita zilizobaki. Unaweza kupanda milima, kuogelea, kupanda farasi kutwa nzima bila kugonga ukuta. Lakini mwombe mtu aliyeimaliza gemu hiyo akueleze kwa kichwa njia ya kutoka mji mmoja hadi mwingine, na mara nyingi atababaika. Njia hakuwahi kuijua, maana macho yake yalikuwa kwenye kidoti.

Mabishano kuhusu gemu za zamani na za sasa yamezunguka hapo kwa miaka mingi. Upande mmoja unasema zamani mchezaji alikuwa huru na sasa anatafuniwa kila kitu. Upande wa pili unacheka: uhuru gani huo, wakati gemu nyingi za zamani zilikuwa kinjia kimoja cha kwenda kulia tu? Wote wanasema kweli, na ndiyo maana mjadala hauishi. Wanachanganya mambo mawili: uhuru wa kwenda utakako, na kazi ya kutafuta. La kwanza hupimwa kwa ukubwa wa ramani na wingi wa vitu unavyoweza kufanya. La pili ni swali la nani anayegundua. Je, wewe ndiye uliyeona, ukashuku, ukajaribu na ukapata? Au gemu ilikwisha kupata zamani, na wewe umetumwa tu ukachukue? Kwa maoni yangu hilo la pili ndilo wanalolililia watu wanaposema gemu za zamani zilikuwa na kitu ambacho za sasa hazina.

Vichaka vinavyofanana

Dunia ya Zelda ile ya kwanza ni ndogo kwa vipimo vya leo. Ni skrini 128, yaani 16 kwa upana na 8 kwa urefu, na ukishazijua unaivuka yote kwa dakika chache. Shigeru Miyamoto, aliyeibuni pamoja na Takashi Tezuka, amesimulia mara nyingi kwamba wazo lilitoka utotoni mwake huko Sonobe, karibu na Kyoto, alipokuwa akizurura misituni na kuingia mapangoni na taa mkononi. Alitaka mchezaji apate hofu ileile, na furaha ileile ya kuona kitu ambacho hukuambiwa kipo.

Kuna mahandaki 9 ya kuingia. Milango ya machache iko wazi, ukipita unaiona. Mlango wa la 7 umezama chini ya ziwa, na ziwa halikauki mpaka upige filimbi ukiwa kando yake. Mlango wa la 8 uko chini ya kichaka, kichaka cha kawaida kabisa, chenye rangi na umbo kama vichaka vingine chungu nzima ramani nzima. Inabidi ukichome moto. Na mshumaa wa buluu, ule unaoweza kuununua mapema, unawaka mara moja tu kwa kila skrini. Umechoma kichaka cha kwanza, hakuna kitu. Ukitaka kujaribu cha pili lazima utoke kwenye skrini, urudi, uwashe tena. Umetoka, umerudi, umewasha, hakuna kitu.

Ukiliangalia hivyo linaonekana kama usumbufu mtupu, na kwa kiasi fulani ni kweli. Ila lina upande wake mwingine. Mchezaji akishafungua ngazi ya kwanza chini ya kichaka, vichaka vyote vya dunia ile vinabadilika machoni pake. Kila mwamba unaweza kuwa mlango. Skrini aliyopita mara kumi bila kuitazama inakuwa na maana. Kompyuta ndogo vile, isiyoweza kuchora milima ya kuvutia wala miji yenye watu, ilitengeneza dunia inayoonekana kubwa kuliko ilivyo kwa sababu ilijaza shaka. Siri zake zilisambaa kwa midomo: shuleni, nyumbani kwa jirani, na baadaye kwenye jarida la Nintendo lililoanza Marekani mwaka 1988. Kule kule Marekani kampuni iliweka pia laini ya simu ya kuwasaidia waliokwama.

Usidhani basi kwamba kila gemu ya wakati huo ilikuwa hivyo. Super Mario Bros. ya 1985 haikuruhusu hata kurudi ulikotoka. Skrini ikishasogea kulia, imesogea. Gemu nyingi za risasi na ngumi zilifuata njia hiyohiyo. Ndiyo maana Metroid, iliyotoka 1986, iliwashtua wachezaji. Unaanza ukielekea kulia kama ulivyozoea, na punde unafika mahali pembamba ambapo mwili hautoshi kupita. Kifaa cha kukufanya ujikunje kuwa mpira kipo hatua chache tu kutoka ulipoanzia, lakini upande wa kushoto. Hakuna aliyekueleza. Gemu imekufundisha jambo zito, kwamba kurudi nyuma nako ni kusonga mbele, na imekufundisha bila kutamka neno.

Sayari elfu mbili kwenye kompyuta ya shule

Kuna mkondo mwingine wa uhuru wa zamani ambao husahaulika, kwa sababu ulitoka kwenye kompyuta za Uingereza na si mashine za Japani. Mwaka 1984 vijana wawili waliokuwa wakisoma Cambridge, David Braben na Ian Bell, walitoa gemu ya Elite kwa ajili ya BBC Micro, kompyuta iliyojaa mashuleni huko. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 32. Picha moja ya simu yako ya leo haiingii humo hata kidogo. Ndani ya nafasi hiyo waliweka galaksi 8, kila moja ikiwa na sayari 256, zenye majina, serikali na bei za soko.

Waliwezaje? Hawakuzihifadhi. Walihifadhi namba chache za kuanzia na kanuni ya hesabu ya kuzizungusha, kisha kompyuta ikawa inazalisha kila sayari pale inapohitajika. Kwa kuwa kanuni ni ileile, sayari ileile hurudi na jina lilelile kila mara. Unaanzia kituo cha Lave ukiwa na chombo kimoja na sarafu 100. Baada ya hapo amua mwenyewe: fanya biashara halali, uza magendo, winda maharamia au uwe haramia. Hakuna hadithi ya kukusukuma na hakuna mwisho wa kuufikia. Wakati huo gemu nyingi zilikuwa za dakika kumi, una maisha matatu na pointi. Elite ikasema lengo uje nalo wewe.

Miaka 32 baadaye kampuni ndogo ya Uingereza, Hello Games, iliichukua hesabu ya namna hiyo hadi mwisho wake. No Man's Sky ya 2016 ilikuwa na sayari zaidi ya kwintilioni 18, idadi ambayo hakuna binadamu wala kizazi kitakachozitembelea zote. Ilipotoka, watu wengi walichoka haraka, wakilalamika kwamba ukishaona sayari chache umeziona nyingi. Gemu hiyo imeboreshwa sana tangu hapo, na leo ina wapenzi wake wa kweli. Lakini siku zile za mwanzo zilionyesha waziwazi kwamba ramani isiyo na mwisho haikuhakikishii kwamba kuna cha kugundua. Ugunduzi unahitaji mtu aliyeficha kitu kwa makusudi, au mfumo unaoweza kukushangaza.

Kutoka Grove Street hadi Mlima Chiliad

Kwa Afrika Mashariki, gemu iliyowaonjesha wengi uhuru wa kwenda utakako ni Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004. Ilichezwa kwenye vibanda vya PlayStation 2, mitaani, benchi moja na watu sita wanaosubiri zamu. Mazingira hayo yalibadilisha namna ya kuicheza. Kibandani ulilipia muda. Ukimaliza misheni tatu leo na huna memori kadi ya kuhifadhi ulipofikia, kesho unaanza upya na mhusika wako CJ yuleyule, baiskeli ileile. Hadithi ya gemu ikawa haina faida kwa mchezaji wa kibandani. Halafu mazungumzo yote ni ya Kiingereza cha mtaani cha Marekani, kinachopita kasi, na watoto wengi hawakushika zaidi ya neno moja moja.

Matokeo yake, wale watoto waliigeuza San Andreas kuwa gemu ya uvumbuzi mtupu. Walizurura. Waliandika kodi, yaani mfuatano wa vitufe vya siri, za kuita tanki na ndege kwenye kurasa za nyuma za madaftari. Walijua mahali pa kupata pikipiki, njia ya kupandia Mlima Chiliad, na jengo gani refu unaweza kuruka na parachuti. Na walisimuliana. Habari kwamba kuna Bigfoot, lile jitu la hadithi lenye manyoya, kwenye misitu ya gemu hiyo zilizunguka dunia nzima. Hakuwemo. Lakini katika msitu wa Back o' Beyond kulikuwa na magari mabovu yaliyoserereka mteremkoni yenyewe bila dereva, na mtoto aliyeyaona usiku, kwenye ukungu, alikuwa na kila sababu ya kuamini mengine yote. Ukungu wenyewe ulikuwepo kwa sababu mashine haikuweza kuchora mbali. Udhaifu wa kifaa uliisaidia ndoto.

San Andreas hiyohiyo inaonyesha pia jinsi uhuru unavyoweza kukaa nyumba moja na ukali. Vuka mapema kwenda mji wa San Fierro kabla hadithi haijakuruhusu, polisi wanakushukia na nyota nne. Ukiwa nje ya misheni ni mfalme. Ingia kwenye misheni na lazima ufanye jambo moja kwa namna moja. Kila aliyewahi kuicheza anaikumbuka ile misheni ya treni, unaendesha pikipiki kando ya reli na mwenzako Big Smoke nyuma yako anapiga risasi hovyo. Akikosa wote, umefeli wewe. Rockstar, kampuni iliyoitengeneza, hawakuiacha tabia hiyo. Red Dead Redemption 2 ya 2018 ina nyika, misitu na miji iliyotengenezwa kwa uangalifu ambao sijauona kwingine, wanyama wanawindana bila kukujali, na bado ndani ya misheni ukijitenga kidogo na wenzako gemu inakuandikia kwamba umeshindwa. Katika gemu moja kuna falsafa mbili.

Siku dira ilipoingia

Ukitaka kuona mahali hasa zamani na sasa zinapoachana, usihangaike na miaka mingi. Tazama gemu mbili za kampuni moja, Bethesda ya Marekani, zilizopishana kwa miaka minne tu: Morrowind ya 2002 na Oblivion ya 2006.

Kwenye Morrowind unashuka melini katika kijiji cha Seyda Neen. Unapewa kifurushi na jina la mtu, Caius Cosades, anayeishi mji wa Balmora. Basi. Jinsi ya kufika Balmora ni juu yako kuuliza. Ukiamua kutembea, hujaenda mbali kabla hujasikia ukelele, na mtu anaanguka kutoka angani na kufa mbele yako. Ukimpekua unakuta daftari lake na karatasi tatu za uchawi wa kuruka. Ukisoma karatasi moja, nguvu zako za kuruka zinapanda kupita kiasi kwa sekunde chache. Unaruka na kuvuka nusu ya kisiwa, kisha uchawi unakwisha ukiwa bado hewani. Yaliyompata yule bwana sasa umeyaelewa. Mwenye akili anabakiza karatasi ya pili aisome kabla ya kutua. Hakuna misheni iliyokuita pale, hakuna zawadi iliyotangazwa. Ulipita tu ukakuta.

Kazi nyingine zote hupewa kwa maneno. Mtu anakuambia toka mjini kwa lango la kaskazini, vuka daraja, ukifika kwenye njiapanda fuata kilima mpaka uone mlango wa mbao ubavuni. Ni kama mtu wa Dar anapokuelekeza kwake: ukishuka kituoni rudi nyuma kidogo, ukifika kwa Mangi kata kushoto, ukiuona mwembe umepitiliza. Maelekezo ya aina hiyo yanakulazimisha uangalie. Unahesabu madaraja. Unatambua mawe. Na ukipotea, mahali ulipopotelea panakuwa pako, kwa kuwa ulipafika bila kutumwa.

Oblivion ikaja na dira chini ya skrini na mshale unaoonyesha unakotakiwa kwenda. Ukishafika mahali, au ukitaka kwenda mji wowote mkubwa, unabofya ramani na umeshafika. Wengi waliona kampuni imewadharau wachezaji. Nadhani hawakutendea haki mazingira yaliyoizaa dira hiyo. Morrowind ilikuwa ya kusoma zaidi kuliko kusikiliza. Sehemu kubwa ya mazungumzo ni maandishi, na aya tatu za maelekezo hazigharimu chochote kuandika. Oblivion ilirekodi sauti kwa kila mhusika. Kila sentensi sasa inahitaji mwigizaji, studio na nafasi kwenye diski, kwa hiyo mazungumzo yakafupishwa, na cha kwanza kukatwa ni ile habari ya daraja na njiapanda. Isitoshe, watu wa Oblivion walipewa ratiba: asubuhi dukani, mchana njiani, jioni baani. Ukiambiwa "yuko dukani kwake" saa mbili usiku, hayupo. Dunia ilipokuwa hai zaidi, maelekezo ya maneno yakashindwa kuifuata, na mshale ukachukua kazi.

Tofauti nyingine ni ndogo kuitaja lakini nzito. Morrowind inakuruhusu kumuua mtu yeyote, hata anayebeba hadithi nzima. Ukimuua, ujumbe unakuja kukuarifu kwamba uzi wa unabii umekatika. Rudi nyuma au uendelee kuishi katika dunia uliyoiharibu. Oblivion ikawafanya wahusika muhimu wasife: wanazirai, kisha wanasimama wakijipangusa. Ya kwanza ilikuchukulia kama mtu mzima wa kubeba matokeo. Ya pili ilikulinda na wewe mwenyewe.

Kwa nini alama zilishinda

Sababu kubwa ni fedha. Gemu ya kijana mmoja au wawili inaweza kuficha theluthi ya kazi yake mahali ambapo watu wachache watafika. Gemu ya watu mamia, waliofanya kazi miaka mitano, inaona bonde lisilotembelewa kama mishahara iliyotupwa. Msimamizi anataka kila mchezaji alione lile hekalu. Na njia ya hakika ya kumfikisha hekaluni ni alama.

Pili, majaribio. Kampuni huwaleta watu wa kawaida, huwapa padi, na kuwatazama wakicheza. Mtu akizunguka chumba dakika kadhaa bila kuona ngazi, wanaandika: amekwama. Dawa ya haraka ni kuipaka ngazi rangi ya njano. Rangi hiyo ilizua ubishi mkubwa kwenye Resident Evil 4 iliyotengenezwa upya mwaka 2023, na tena mwaka uliofuata kwenye Final Fantasy VII Rebirth. Ukweli ni kwamba picha za sasa zimejaa vitu. Kwenye Zelda ya 1986 kulikuwa na aina chache za vitu skrini nzima, na kila kimoja ulikitambua. Kwenye chumba cha leo kuna mamia ya makopo, mbao na masanduku, na jicho halijui kipi ni pambo na kipi kinafunguka. Kadiri picha zinavyokaribia uhalisia, ndivyo zinavyozidi kuwa ngumu kusoma.

Lazima pia nikiri upande wa gemu za zamani uliokuwa mbaya. Castlevania II: Simon's Quest ya 1987 ina mahali ambapo inabidi upige magoti mbele ya jabali, umeshika fuwele nyekundu, usubiri hadi kimbunga kije kikuchukue. Hakuna mtu mwenye akili timamu angefikiria hilo. Wanakijiji wa gemu hiyo wanatoa vidokezo, na baadhi yao wanadanganya. Huo haukuwa uhuru. Ulikuwa ukuta uliopakwa rangi ya mlango, na watoto wengi waliishia hapo. Hata Morrowind yenyewe ilikuwa na maelekezo yenye makosa, mashariki ikiandikwa magharibi, na mchezaji mwaminifu alipoteza jioni nzima akitafuta pango upande usio wake. Fumbo zuri, ukilijua jibu, unajipiga paji la uso kwa kutoliona. Fumbo baya, ukilijua jibu, unakasirika.

Waliorudisha kazi ya kutafuta

Mwaka 2017 Nintendo ilirudi ilikoanzia. Watengenezaji wa Breath of the Wild, wakiongozwa na Hidemaro Fujibayashi, walionyesha hadharani kwamba wakati wa kazi walijenga jaribio dogo lenye sura ya Zelda ya 1986, wapate kupima mawazo yao: moto unachoma mti, mti unaanguka, upepo unasukuma gogo. Kisha wakakuruhusu upande karibu kila ukuta na kila mlima. Baada ya uwanda wa kwanza unaweza kumfuata adui mkuu moja kwa moja. Wenye ujuzi humaliza kwa chini ya nusu saa.

Lakini siri ya gemu ile iko kwenye umbo la ardhi. Watengenezaji walieleza kwamba walipanga mandhari kwa pembetatu. Kilima chenye umbo la pembetatu kinakupa uamuzi, upande juu au uzunguke, na wakati huohuo kinakuficha kilicho nyuma yake. Ukizunguka, kitu kinachomoza kidogo kidogo: moshi, paa, mwanga wa rangi ya chungwa. Unaacha ulikokuwa unakwenda. Minara ipo, kama kwenye gemu za Assassin's Creed, ila ukipanda mnara wa Assassin's Creed ramani hujaa alama, na ukipanda wa Breath of the Wild unapata sura ya ardhi tu. Vilivyomo unavitafuta kwa macho yako ukiwa juu pale, unachukua darubini na kuweka vigingi vya rangi mwenyewe. Kitendo ni kilekile, mnara uleule, lakini anayetafuta amebadilika.

Elden Ring ya 2022 ilichukua njia yenye miiba zaidi. Ukitoka tu nje mara ya kwanza, mbele yako anarandaranda mpanda farasi wa dhahabu ambaye atakuua. Tena na tena. Somo ni kwamba ondoka, dunia ni pana, rudi siku nyingine. Miali ya dhahabu inakuonyesha upande wa hadithi kuu bila kukulazimisha. Na gemu haiogopi kukutupa: kwenye magofu fulani katikati ya ziwa la eneo la kwanza kuna sanduku, ukilifungua moshi unakumeza na kukutema kwenye mgodi wa Caelid, nchi nyekundu iliyooza, yenye maadui usiowaweza kabisa. Unatoka nje, unaona anga la rangi ya damu, na unaelewa kwa mara ya kwanza ukubwa wa dunia uliyomo. Gemu hiyo iliuza mamilioni ya nakala. Kwa hiyo dai kwamba wachezaji wa leo hawavumilii kupotea halina msingi.

Na kwa wale wanaotaka kuona wazo hili likiwa tupu, bila nyama ya ziada, ipo Outer Wilds ya 2019. Mfumo mdogo wa sayari, chombo chako, na dakika 22 kabla jua halijalipuka na kila kitu kuanza upya. Hupati silaha. Huongezi nguvu. Kinachobaki baada ya kila mlipuko ni ulichojifunza tu. Milango yake imefungwa kwa ujinga wako, na ukishajua jinsi ya kuingia ungeweza kuimaliza karibu tangu mwanzo. Ndiyo maana huwezi kuicheza kwa mara ya kwanza mara mbili, na ndiyo maana waliomaliza hukataa kukusimulia hata ukiwabembeleza.

Siku hizi gemu nyingi zina mipangilio ya kuzima alama, na watu hushauriana kuzizima ili kurudisha ladha ya zamani. Inafaa, ila kwa baadhi tu. Assassin's Creed Odyssey ya 2018 ilitoa namna ya kucheza inayoondoa mshale na badala yake watu wanakueleza: unayemtafuta yuko magharibi mwa mkoa fulani, karibu na pwani. Unapiga hesabu, unakaribia, unamrusha tai wako aangalie. Imewezekana kwa sababu waandishi walikaa na kuyaandika maelekezo hayo. Kwenye gemu ambayo hawakuyaandika, ukizima mshale daftari linakuambia tu "mtafute mhunzi", na hakuna kiumbe atakayekutajia mtaa.

Kwa hiyo kabla ya kuzima, jaribu hivi. Pokea kazi moja, kisha fungua daftari la gemu usome vizuri na usikilize alivyosema aliyekutuma. Kama kuna mto uliotajwa, barabara, upande wa jua, jina la kijiji cha jirani, basi zima kila kitu na utembee. Kama hakuna, iache dira iwake na uendelee na gemu yako. Uzembe si wako.